Toleo la Tatu Halina Mlango

Mjukuu wangu alipoachwa, na mimi niliachwa papo hapo. Bibi na mjukuu ni wake wenza, ndivyo tunavyotaniana, na mchumba wake nilimwita "mume wangu" tangu siku alipokuja kujitambulisha. Tofauti ni kwamba mjukuu alilia, mimi nikanyamaza. Mwanamke mzima akinyamaza watu hudhani amesamehe. Waache wadhani.

Mtaa wetu ni wa magari. Upande huu wanagonga bodi, upande ule wanafumua injini, katikati ndipo lilipo banda la rangi la mjukuu wangu, na mimi niko pembeni na cherehani yangu, nashona viti. Ndiyo maana wananiita Bibi Sindano. Kwenye kona, nyuma ya vioo vinavyofutwa kila asubuhi, ndipo alipokaa huyo mchumba, muuza magari yaliyotumika. Alitaka aitwe Bosi. Watu wakamwita Bosi, si kwa heshima, kwa uvivu tu. Jina likishakaa mdomoni nani ana muda wa kulitema?

Bosi alikuwa na ugonjwa mmoja: shujaa wa filamu anayeitwa Kakakuona. Ni mtu wa kawaida kabisa, lakini akisikia mnyonge ameonewa anavaa magamba kutoka utosini hadi kisigino, anaingia kwenye gari lake nalo lina magamba, na wabaya wanajuta kuzaliwa. Filamu zake zilikuwa tatu, na kila moja ilikuja na gari lake jipya. Ofisini kwa Bosi mabango ya magari hayo yalitundikwa pale watu wengine wanapotundika picha za wazazi.

Siku ya kumwacha mjukuu wangu hakuwa hata na adabu ya kuja nyumbani akakaa, akasema neno lake kiutu uzima. Alisimama nje ya banda la rangi, mafundi wote wametega masikio na nyundo mikononi, akasema:

"Usinielewe vibaya. Wewe ni kama lile gari la filamu ya kwanza. Zuri, sikatai. Lakini ni toleo la kwanza. Nani anaendesha la kwanza na la tatu limeshatoka?"

Mafundi wakacheka. Sikuwashangaa. Fundi hucheka hata nyundo ikitua kwenye kidole, mradi kidole kiwe cha mwenzake. Lakini jua halijazama, jina lilikuwa limeshashika. "Toleo la Kwanza, niazime brashi!" "Toleo, spea zako bado zinapatikana?" Mjukuu wangu, ambaye zamani ukitaka kujua kama yuko kazini ulisikiliza tu wimbo unaotoka bandani, akaanza kupita njia ya uchochoroni. Halafu akaanza kuchelewa. Halafu akajifungia chumbani, akisema kichwa kinamuuma. Kichwa gani hicho kinachouma siku za kazi tu?

"Mama, mwache," binti yangu, yaani mama mdogo wake, akaniambia. "Jina la utani hupita lenyewe."

"Mimi naitwa Sindano wewe hujaota hata jino," nikamjibu. "Limepita?"

Jina la utani halifutwi, wanangu. Linahamishwa, kama kunguni, kutoka kitanda hiki kwenda kile. Nikaapa mbele ya cherehani yangu kwamba kunguni huyu nitamtoa kwa mjukuu wangu, nimpeleke kwa mwenye kitanda. Nikaapa tena kwamba siku hiyo nitavaa nguo nzuri.

Hasira ya kijana ni moto wa karatasi. Ya bibi kizee ni kaa chini ya jivu: unaweza kulikanyaga ukidhani ni jivu tu. Nikaanza kwa kuazima filamu zote tatu, nikaziangalia sebuleni, Jumapili baada ya Jumapili, miguu juu ya stuli. Maneno ya tafsiri chini ya kioo yanakimbia kuliko magari, kwa hiyo niliyaacha yaende zao, nikaangalia magari.

La kwanza lilikuwa refu, jembamba, rangi ya majani makavu, na magamba yake ni ya kuchorwa tu. Likipita kwenye mvua unahofia yatachuja. Lakini lilikuwa na milango minne, na pazia dirishani, na kiti cha nyuma kipana kama kitanda cha wageni. Shujaa aliwaokoa mama mmoja na watoto wake, na wote wakaingia kwa heshima, hakuna aliyekaliwa.

La pili walilifanya la kutisha. Magamba ya chuma kweli, yanasimama kama manyoya ya kuku aliyeona mwewe. Milango yake inafunguka kwenda juu kama mabawa. Zuri, ila kila shujaa akishuka anainama asigongwe na mlango wake mwenyewe.

La tatu ndilo lililokuwa likimtoa Bosi udenda. Duara kama mnyama mwenyewe akijikunja. Halina mlango, halina dirisha, lina ufa mdogo tu mbele wa kuonea njia. Shujaa analala kifudifudi ndani, mikono mbele, miguu nyuma, kama mtu anayetafuta kiatu uvunguni. Akifika, anasema, "Kakakuona, funguka!" Sauti inatoka kwenye spika, kifuniko cha nyuma kinafunguka, moshi mweupe unatoka, na kufumba na kufumbua shujaa huyo kasimama, magamba yanang'aa.

Hapo nikasimamisha filamu. Nikarudisha nyuma. Moshi. Shujaa kasimama. Nikarudisha tena. Moshi. Kasimama. Nikarudisha hadi binti yangu akauliza kama nimempenda huyo mwanaume.

Filamu nzima, hakuna mahali wanapoonyesha anavyotoka.

Nilicheka hadi meno ya bandia yakataka kuhama.

Kufikia hapo mtaa mzima ulijua Bosi anaoa. Bibi harusi alikuwa mwalimu wa shule ya mbali kidogo, mtoto wa watu, na niliambiwa hajui kama bwana wake aliwahi kuwa na mchumba. Mafundi walikuwa wameagizwa wamtengenezee Bosi gari la kuingilia ukumbini, gari la Kakakuona, juu ya pikapu kuukuu iliyovuliwa bodi. Lazima liwe na viti. Na viti mtaani petu ni mimi.

Nikavaa kitenge changu cha kutokea, nikaenda ofisini kwake.

"Mume wangu!" nikaita kabla sijafika mlangoni. "Umemwacha mwenzangu, mimi talaka yangu iko wapi?"

Alishtuka kidogo. Kisha akacheka, akanyanyuka, akanivutia kiti. Mwanaume aliyekosa hupenda sana kuona bibi anatania. Anahesabu kwamba yameisha.

"Bibi, wewe sikuachi. Wewe ni wa kufa na kuzikana."

"Hayo ya kuzikana tuyaache. Nasikia unajenga gari. Lipi?"

Akanionyesha bango la katikati. "La pili. Milango ya mabawa. Nashuka mimi, nashuka na mke wangu, watu wanapiga picha."

Nikalitazama lile bango. Nikakunja uso kama mtu aliyeonja chai isiyo na sukari.

"Nini, Bibi?"

"Hapana, ni zuri."

"Sema tu."

"Mimi najua nini, mume wangu? Nashona viti tu. Ila milango ya mabawa hata gari la kuuza maziwa linayo siku hizi. Wanainua ubavu mzima, wanauza." Nikasogelea bango la kwanza. "Basi bora hili. Lina nafasi. Shangazi zako wote wanaenea."

Akaruka kama amekanyaga msumari. "Toleo la kwanza? Mimi? Watu watasemaje?"

"Kweli. Watu wana midomo," nikasema. "Tena mdomo ukishakutaja, umekutaja."

Macho yake yakaanza kutembea yenyewe, polepole, hadi bango la tatu. Sikulitazama. Ukitaka mbuzi apite mlangoni usimvute kamba. Simama mbele yake ujifanye unamzuia.

"La tatu halifai," nikasema.

"Kwa nini halifai?"

"Gumu. Mafundi wetu hawataliweza. Halafu linataka mtu mwenye umbo la kishujaa. Wewe, samahani, mume wangu, tumbo limeanza kukusalimia."

Kufika hapo alikuwa ameshaninyooshea kidole. "Bibi, nitalala humo ndani na tumbo langu hili hili. Litatengenezwa la tatu!"

"Haya. Wewe ndiye Bosi."

Mafundi wakalitengeneza. Ilikuwa kazi nzuri, siwezi kusema uongo: magamba ya bati yaliyokatwa moja moja, taa mbili za njano, spika kubwa mbele na kipaza sauti ndani karibu na mdomo wa dereva. Matundu ya hewa niliyasimamia mwenyewe, yakawa tele kuliko ya kichujio, maana nilitaka kuzika jina, si mtu. Kifuniko cha nyuma hakikusikia sauti ya yeyote, kilikuwa na komeo la kawaida kwa nje. Ilipangwa Bosi aseme maneno yake, mtu aliyejificha nyuma alivute.

Kitanda cha kulalia nilikishona mimi. Sponji nene pande zote, ngozi laini, mteremko kidogo kuelekea mbele. Mtu akiingia anateleza mwenyewe, raha mustarehe. Kupanda kinyumenyume hicho kilima ni habari nyingine. Siku ya kujaribu aliingia, akasema "Ah! Kama wingu!" Nikamshika kifundo kimoja, fundi wa bodi akashika cha pili, tukamtoa taratibu. Akasema siku ya harusi hatahitaji kushikwa, atakuwa ameshazoea. Fundi akanitazama. Nikamtazama fundi. Tukatazama kazi zetu.

Ikabaki nani avute komeo. Rafiki yake wa kumsimamia alikataa, kwa sababu angekosekana kwenye picha.

"Nipeni mimi," nikasema. "Bibi kizee nyuma ya gari nani atampiga picha?"

"Masikio yako je, Bibi?" Bosi akauliza. "Utanisikia?"

"Sikio la kulia linasikia vizuri likitaka."

Alidhani ni mzaha.

Bibi harusi nilimtafutia njia yake. Nilimwambia Bosi gauni la watu halipandi juu ya magamba, bora mke aje na wazee wake kwa gari la kawaida, amsubiri mlangoni, amuone shujaa wake akiibuka kwenye moshi. Akasema hilo ni wazo la kitaalamu. Na mjukuu wangu nilimwambia kitu kimoja tu: "Oga, jipake mafuta, unisindikize. Siwezi kutembea peke yangu, magoti."

"Bibi, siendi kwenye harusi ya yule."

"Huendi harusini. Unanishika mkono hadi nje. Baada ya hapo rudi."

Akaja. Alisimama mbali, chini ya ukuta, kanga usoni.

Ukumbi ulikuwa na uwanja mbele, na uwanja ulikuwa umejaa. Ndugu wa bwana upande huu, ndugu wa bibi upande ule, mafundi wote wa mtaa wetu katikati wamevaa mashati yaliyonyooshwa, wamenawa hadi hawajulikani. Bibi harusi mlangoni na shangazi yake, mwanamke wa mwili na sauti. Gari likaja mwendo wa jongoo, taa zinawaka, watoto wanapiga kelele. Likasimama. Moshi ukatolewa.

"KAKAKUONA, FUNGUKA!" spika ikanguruma.

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya gari, mkono kwenye komeo, natazama mawingu.

"KAKAKUONA, FUNGUKA!"

Makofi machache. Moshi ukaanza kuisha.

"Kakakuona, funguka... Bibi?"

Mtu mmoja akacheka.

Nikainama kwenye matundu ya hewa. "Unasemaje, mume wangu? Sikio hili linavuma."

"Bibi, vuta komeo!"

Yeye alinisikia mimi kwenye tundu. Uwanja mzima haukunisikia mimi, ulimsikia yeye, maana kipaza sauti kilikuwa chini ya kidevu chake. Joto na hasira vilikuwa vimeshamsahaulisha.

"Nitavuta," nikamnong'oneza. "Nikumbushe tu. Mjukuu wangu ulisema ni toleo la ngapi?"

"Bibi, si sasa!" Akashusha sauti, na spika ikaipandisha. "Nilitania tu! Nilisema toleo la kwanza kwa utani! Kwani mchumba hataniwi? Nimeshamwacha, yameisha, hawa watu hawajui, nifungulie!"

Akina mama wakawaziba watoto midomo.

"Mchumba?" nikasikia sauti ya yule shangazi. "Mchumba gani?"

"Na huyu wa leo," nikauliza tundu, "naye ni toleo la ngapi?"

"La tatu, Bibi! La tatu! Umeridhika? Fungua, nakufa!"

Hakuwa akifa. Lililokuwa likifa ni lile jina la Bosi, na hilo ndilo nililolifuata. Nikavuta komeo.

Kifuniko kikainuka, na watu wote wakaona kile ambacho filamu haionyeshi. Kwanza soli za viatu. Halafu suruali nyeupe, ile sehemu ya kukalia, imejaa tundu lote kama mwezi unaochomoza. Ikasimama hapo. Ikahangaika. Ikateremka tena kwenye sponji yangu.

"Nivuteni!" spika ikalia.

Mafundi wakakimbia. Sasa, fundi wa mtaa wetu ana namna moja tu ya kutoa kitu kikubwa mahali pembamba. Wawili wakashika miguu. Fundi wa bodi akasimama nyuma yao, akaanza kupunga mkono kama anapokea lori linalorudi kinyumenyume:

"Njoo! Njoo, njoo, njoo! Rivasi! Kata kulia! Kulia kwako, bwana! Njoo... rivasi, rivasi... simama! Nenda mbele kidogo. Sasa njoo!"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Wazee walishikana. Mama mmoja wa upande wa bwana, nadhani ni wifi, alikaa chini na gauni lake lote. Bosi akatoka na koti limemfunika kichwa, kiatu kimoja mkononi mwa fundi. Akasimama akigeuka huku na huku akitafuta mbele ni wapi.

"Hongera, Rivasi!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Rivasi!" watoto wakaitikia.

Nililisikia likiingia. Kuna namna jina linavyoingia, kama pini kwenye sponji: halitoi sauti, ila mkono unajua.

Bibi harusi alikuwa hajacheka. Alishuka ngazi taratibu, akamwondolea koti usoni, akamtazama kama mwalimu anavyotazama daftari lenye majibu ya jirani.

"Mimi ni la tatu," akasema.

"Mpenzi, yule bibi ni..."

"La nne likitoka, mimi utaniegesha wapi?"

Shangazi akajibu badala yake: "Nyumbani kwetu hukosi pa kuegesha. Mwanangu, panda gari." Wakapanda. Wakaenda. Kama walirudi siku nyingine wakaoana, hayo ni yao. Mimi sikumkatia mtu ndoa, nilimfungulia mtu kifuniko.

Nilipogeuka, mjukuu wangu alikuwa palepale chini ya ukuta. Kanga imeanguka mabegani. Hakucheka. Akaja, akanishika mkono.

"Bibi, wewe ni mtu mbaya."

"Najua. Twende, magoti."

Wiki iliyofuata hakuna aliyeita "Toleo" mtaani. Si kwamba waliona haya. Midomo ilikuwa na kazi nyingine. Bosi akipita, hapa wanaita "Rivasi, shikamoo!", pale wanapunga mikono. Mteja anafika kwenye kona akiuliza, "Kwa Rivasi ni hapa?" Mjukuu wangu akarudi bandani kwa njia ya mbele, akafungua milango yote miwili, na mtu aliyetaka brashi akamwita Fundi.

Siku moja Bosi alikuja kibandani kwangu. Hakuvutiwa kiti.

"Bibi, umeshalipiza. Sasa waambie waache."

"Mimi naitwa Sindano, mume wangu. Ningejua dawa si ningejitibu?"

"Nimwambie nani?"

Nikamwelekeza kwa kidevu: banda la rangi. Alisita. Kisha akaenda, nami nikaacha cherehani nikamfuata kwa macho, sioni aibu kusema.

Mjukuu wangu alikuwa anamalizia mlango wa gari la mteja, bluu iliyokolea, amevaa barakoa, macho tu ndiyo yanaonekana. Bosi akaingia hadi katikati, mikono nyuma, akasema kwa sauti ndogo kwamba alikosea, kwamba maneno yale hayakuwa ya kusemwa mbele za watu.

"Na yangesemwa mbele ya nani?" akamuuliza kutoka nyuma ya barakoa.

Bosi akasogea hatua moja. Mjukuu wangu akamtazama miguuni, akaona viatu vimekaribia rangi mbichi iliyodondoka sakafuni. Akainua mkono wenye bomba la kupulizia rangi, akaanza kupunga wa pili, taratibu, bila mzaha wowote, kama anavyompokea mteja yeyote:

"Utakanyaga rangi. Rudi. Rudi, rudi... kata kushoto, kuna kopo. Njoo... Hapo."

Naye akarudi. Akarudi kinyumenyume hadi nje kabisa, hadi juani, mafundi wote wamesimamisha nyundo. Ndipo barakoa ya mjukuu wangu ikaanza kutikisika. Akaivuta chini kupata pumzi, akajishika kwenye boneti, akacheka hadi rangi ya bomba ikaruka ukutani. Bluu ya watu, ya gharama. Sikumkemea.